Kisa cha Dishi la Ahero: Mvua, Mwingiliano na Akiba Iliyoliwa

Ghala linalohusika katika kisa hiki liko Ahero, kwenye uwanda wa Kano, mwendo wa kilomita zipatazo 25 mashariki mwa Kisumu, mahali ambapo mpunga wa wakulima hupokelewa, hupimwa na kulipiwa. Hesabu na malipo ya ghala hupitia intaneti, na kwa siku nyingi za mwaka intaneti hiyo huja kwa waya kama ilivyo mjini. Shida ni kwamba mto Nyando ukivunja kingo zake, maji hutanda uwandani, nguzo huanguka, umeme hupotea, na waya ule haumfai mtu tena. Ndiyo maana wenye ghala waligharamia dishi la setilaiti lenye kipenyo cha mita 1.2, pamoja na modemu na betri, ili kazi isisimame siku za mafuriko. Niliitwa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, baada ya kubainika kwamba mtambo huo ulionunuliwa kwa ajili ya siku za mvua hauihimili mvua yenyewe.

Msimamizi wa ghala alinipokea kwa maneno haya: "Karibu, fundi. Hiki kidude kinaogopa wingu. Mvua haijafika, chenyewe kimeshakata." Nilimjibu kwa mzaha kwamba hata sisi binadamu hulikimbia wingu likitokea vilima vya Tinderet huko mashariki, lakini mzee huyo hakuwa na nafasi ya mzaha. Alitoa daftari la shule alimokuwa akiandika, tangu Machi, saa ya kila kukatika, saa ya kurudi, na hali ya anga kwa maneno yake mwenyewe: jua, wingu, manyunyu, mvua, mvua kubwa. Modemu ilikuwa imehifadhi kumbukumbu za siku tisa tu, kwa hiyo daftari hilo ndilo lililokuwa ushahidi mkuu, na bila hilo nisingefika popote.

Mafundi waliotangulia walikuwa wamekata shauri mapema. Walisema ni mvua tu, wakapandisha nguvu ya kutuma kwa desibeli 4 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu; kila 3 ni kama kuizidisha mara mbili) na kuiacha hapo, kisha wakapendekeza dishi liondolewe na kuletwa jingine la mita 1.8. Shauri lao halikuwa la kipuuzi. Mtu yeyote aliyewahi kutunza madishi ya masafa ya Ku, yaani ya gigahezi 12 hadi 14 kama hili, kando ya Ziwa Victoria anajua kwamba mvua ya alasiri, ile inayojikusanya juu ya milima ya Nandi na Kericho na kuteremka kuelekea ziwani, huyazima mawasiliano bila kuomba ruhusa. Swali langu lilikuwa dogo zaidi: ni mvua ya kiasi gani iliyotosha kulizima dishi hili?

Setilaiti inayotumika iko juu ya ikweta kwenye kimo cha kilomita 35,786, takriban digrii 24 za longitudo mashariki mwetu, kwa hiyo dishi la Ahero hutazama mashariki likiwa limeinuliwa digrii 62. Hupokea kwa masafa yaliyo karibu na gigahezi 12 na kutuma kwa gigahezi 14. Wimbi la gigahezi 12 lina urefu wa sentimita 2.5, na tone la mvua lenye upana wa milimita kadhaa si dogo sana mbele ya wimbi kama hilo. Hulifyonza na kulitawanya. Katika nchi za tropiki mvua huwa maji hadi kimo cha kilomita 5 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo barafu huanza. Ahero iko mita 1,150 au zaidi kidogo, kwa hiyo wimbi linalokuja kwa mshazari wa digrii 62 hupita katika mvua kwa kilomita 4.4 hivi. Kwa kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, mvua ya milimita 7 kwa saa katika njia hiyo hupunguza wimbi kwa desibeli 1, ya milimita 16 kwa desibeli 2.5, na ya milimita 50 kwa zaidi ya desibeli 8. Ngurumo ya kawaida ya Kisumu hufikia hiyo milimita 50 na kuipita, japo kwa dakika chache. Mbele ya mvua ya namna hiyo sikutarajia dishi la mita 1.2 libaki hewani, wala sikumwahidi mzee jambo hilo.

Jiometria hiyohiyo ilijibu nusu ya malalamiko yake. Mpaka wimbi lifike kwenye kimo cha kilomita 5, limekwenda kilomita 2 mashariki mwa paa la ghala, na huko ndiko mvua inakotokea. Ni lazima basi dishi lilowe angani kabla ya mabati kulowa. Mzee hakuwa amekosea hata kidogo, na kukatika kabla ya tone la kwanza hakukuwa dalili ya ubovu.

Kilichonitia shaka ni neno "manyunyu". Daftari lilikuwa na kukatika kwingi mbele ya neno hilo, tena siku ambazo vibarua waliendelea kuanika mpunga uani wakisubiri kuona kama mvua itaongezeka. Mvua isiyomfanya mtu akunje turubai haifiki milimita 16 kwa saa. Nilipofungua ukurasa wa modemu, asubuhi yenye jua na anga jeupe, kipimo cha nguvu ya mawimbi kilikuwa juu kabisa, lakini kipimo cha ubora, yaani uwiano kati ya wimbi tunalolitaka na yote tusiyoyataka, kilisoma desibeli 8.3. Kwa dishi la ukubwa ule na setilaiti ile nilitarajia 13. Modemu hupoteza mawasiliano ubora ukishuka chini ya 7. Kwa maneno mengine, akiba ya mvua ilipaswa kuwa desibeli 6, nayo ilikuwa imebaki 1.3 kabla wingu lolote halijaonekana.

Nguvu nyingi na ubora hafifu ni dalili ya kuheshimiwa. Kipimo cha nguvu hakichagui. Huhesabu kila kinachoingia, cha kwetu na cha jirani. Dishi likiwa limeelekezwa vibaya, vipimo vyote viwili hushuka. Hapa palikuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba.

Kabla ya kumtafuta huyo mtu ilinibidi niondoe mambo mawili njiani. Daftari lilionyesha kukatika kadhaa kwa dakika chache chini ya jua kali, siku zinazofuatana, tarehe 20 Machi na siku zilizo jirani, kila mara muda mfupi kabla ya saa tano asubuhi. Hilo lilikuwa jua lenyewe. Sisi tunaokaa karibu na ikweta huliona likipita nyuma ya setilaiti wakati wa sikusare, Machi na Septemba, na kelele yake, yaani mawimbi ya ovyo linayotoa, hulifunika dishi mpaka lipite. Jambo la pili lilikuwa maji kwenye viungio vya kebo, ugonjwa ambao ni wa kawaida mno kwetu. Lakini kebo iliyoingia maji haiponi mara mvua ikikatika; huugua kwa saa nyingi, hata siku nzima. Dishi la Ahero lilirudi hewani punde mvua ilipopita, na viungio nilivikuta vikavu.

Nikaunganisha kichanganuzi cha masafa. Chini ya wimbi letu, na kulizidi upana pande zote mbili, palionekana bega pana lenye kingo zilizosimama wima, umbo la wimbi jingine kamili lililojificha nyuma ya letu. Setilaiti hutumia masafa yaleyale mara mbili kwa kuyatuma katika polaraizesheni mbili zilizo pembemraba, moja ikitikisika kwa upande huu na ya pili kwa upande ule, na kinachozitenganisha ardhini ni jinsi fidi, yaani mdomo wa kupokea na kutuma mawimbi, ilivyozungushwa mbele ya dishi. Fidi ikipinda digrii 1, wimbi la upande wa pili hupenya likiwa limepunguzwa desibeli 35, kiasi kisichomdhuru mtu. Ikipinda digrii 3, ulinzi hushuka hadi 25 na ushei, na ikipinda digrii 7 hubaki 18 tu. Wimbi la jirani yetu upande wa pili lilikuwa la televisheni, lenye nguvu kuliko letu kwa desibeli 8 katika kila hezi ya masafa. Ukiondoa 8 kutoka 18 unabaki na 10, na ukijumlisha mwingiliano huo na kelele ya kawaida unapata 8.3 ileile niliyoisoma kwenye modemu.

Hapa ndipo mvua inapoingia, na ndipo hesabu inapowachanganya watu wengi. Wimbi letu na la jirani hutoka katika setilaiti moja na kupita katika mvua ileile, kwa hiyo hupungua pamoja, na uwiano kati yao haubadiliki: 10 wakati wa jua, 10 wakati wa manyunyu. Mvua haikuuongeza mwingiliano huo. Kilichopanda ni kelele. Tone linalofyonza wimbi hung'aa kwa joto lake lenyewe, na dishi lililokuwa likitazama anga baridi sasa hutazama kitu chenye joto la kelvini 275. Mvua ya desibeli 1 huongeza kelvini 57 juu ya 100 hivi za anga safi, hivyo hasara ya kweli huwa karibu desibeli 3, moja ya wimbi na mbili za kelele. Ghala lenye akiba kamili ya desibeli 6 lingeistahimili mvua ya kupunguza desibeli 2.5. Ghala la Ahero lilizimika kwa zaidi kidogo ya 1. Katika lugha ya mzee, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha "mvua" na "manyunyu". Mwingiliano ulikuwa umeila akiba tangu asubuhi, na mvua ilipofika alasiri ikakuta ghala tupu na kubeba lawama yote.

Mtu anaweza kuuliza imekuwaje fidi ikapinda digrii 7 na wale mafundi wasione. Jibu liko katika wimbi lenyewe. Kuzungusha fidi digrii 7 kunalipunguza wimbi unalolitaka kwa chini ya desibeli 0.1, kiasi kisichosomeka kwenye kifaa cha mkononi. Anayetafuta mahali pa nguvu nyingi zaidi ataridhika hapo, kwani kilele kimekuwa bapa kama uwanda wa Kano wenyewe. Polaraizesheni haitafutwi kileleni. Hutafutwa bondeni, mahali ambapo wimbi la upande wa pili linakaribia kutoweka, na bonde hilo ni jembamba.

Chanzo cha zile digrii 7 kilikuwa mara mbili. Mwaka uliotangulia paa la ghala lilikuwa limebadilishwa mabati, dishi likashushwa na kurudishwa, na aliyelirudisha alitumia pembe ya fidi iliyoandikwa kwa ajili ya Nairobi. Kwa setilaiti hii pembe ya Nairobi, iliyo digrii 1.3 kusini mwa ikweta, ni 86.6; ya Ahero, iliyo karibu kabisa na ikweta, ni 89.6. Hizo ni digrii 3. Nyingine 4 zilitokana na kola ya fidi iliyolegea na kuteleza upande uleule, na pengine ingeteleza upande wa pili tusingekuwa na kisa cha kuandika.

Nilipowaeleza wenzangu wawili jambo hili, mmoja alishikilia kwamba mvua pia huzungusha polaraizesheni, kwa kuwa tone kubwa linapoanguka hujibonyeza likawa pana kuliko lilivyo refu. Ni kweli, na vitabu vyote vya fani hii vinasema hivyo. Lakini madhara hayo huwa makubwa wimbi likija limeinama digrii 45 mbele ya tone, au likiwa la mviringo. Kwetu karibu na ikweta, mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa karibu wima kamili au mlalo kamili, sambamba na mhimili wa tone, na kwa hesabu za ITU hali hiyo peke yake huongeza ulinzi wa desibeli 15. (Ajabu moja ya mahali petu ni kwamba polaraizesheni ambayo setilaiti huiita mlalo huwasili Kisumu ikiwa wima.) Nilipoipiga hesabu ya mvua yenye kupunguza desibeli 10, mvua ambayo ingekuwa imeshauzima mtambo, ulinzi uliobaki dhidi ya mzunguko unaoletwa na matone ulikuwa bado karibu na 40. Kola iliyolegea ilikuwa na madhara mara mia na zaidi kuliko matone.

Marekebisho yalifanywa siku iliyofuata, alfajiri, anga likiwa safi. Kazi hii haifanywi na fundi peke yake juu ya ngazi. Nilikipigia simu kituo cha uangalizi cha mwendeshaji wa setilaiti, nikapewa nafasi ya kutuma wimbi tupu lisilobeba data, nao wakalitazama katika polaraizesheni zote mbili huku nikizungusha fidi kidogo kidogo. Usomaji wao wa kwanza ulikuwa 18, mahali ambapo kwa kawaida hutakiwa 30 hivi. Tulipofika 35 nilikaza kola, nikatia alama ya rangi kwenye chuma ili ikiteleza tena ionekane kwa macho, na modemu ikasoma 12.8.

Ndipo mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa simu akauliza, kwa upole ulioonyesha kwamba jambo hilo limemkera muda mrefu, kama ni sisi tuliokuwa tukituma kwa nguvu kupita kiasi tangu Machi. Tulikuwa sisi. Zile desibeli 4 walizopandisha mafundi wa kwanza zilikuwa zimefanya madhara ambayo ghalani hayakuweza kuonekana. Mtu akipandisha nguvu wakati mvua inanyesha, kwa kiasi kilekile ambacho mvua imekiondoa, hamdhuru mwenzake, kwa sababu uchafu wake, yaani wimbi linalovujia upande wa jirani, nao hupita katika mvua hiyohiyo na kufika juu ukiwa umepungua. Mitambo ya kisasa hufanya hivyo yenyewe, ikapanda na kushuka na mvua. Lakini nguvu iliyopandishwa na kuachwa humwagika siku za jua, na kwa fidi iliyopinda ilimwagika moja kwa moja kwenye masafa ya mteja mwingine aliyekuwa upande wa pili wa polaraizesheni. Sisi tulikuwa tukilalamikia mwingiliano huku tukiutengeneza wa mwenzetu. Nguvu ilirudishwa chini asubuhi ileile.

Upande huo wa kutuma ulikuwa na tatizo lake jingine, ambalo fidi yetu haikulimaliza. Kituo kikuu, kile kinachopokea wimbi letu kupitia setilaiti, kilikuwa kimeona kwamba wimbi la Ahero huwafikia likiwa na mwingiliano mbaya wakati Ahero inanyeshewa, na safi kiasi wakati wa jua. Tofauti na upande wa kupokea, huku mvua ina hatia ya kweli. Mawimbi mawili yanayogongana kwenye setilaiti hutoka sehemu mbili za ardhi. Letu hupita katika mvua ya Kano, la mwenzetu aliyepinda fidi yake kwingineko hupanda katika anga kavu, na kila desibeli ambayo mvua inatunyang'anya humnufaisha yeye. Kwa gigahezi 14 hasara ni kama mara 1.4 ya ile ya gigahezi 12, hivyo mvua ya kupunguza 2.5 wakati wa kupokea hupunguza 3.5 wakati wa kutuma, na uwiano dhidi ya jirani huporomoka kwa 3.5 kamili. Kelele ya setilaiti haibadiliki, maana yenyewe hutazama ardhi yenye joto jua na mvua. Dishi kubwa lingetupa nguvu zaidi, lakini mwenye kosa alikuwa mwingine, na njia ya haki ilikuwa kumtafuta. Mwendeshaji alianza msako huo, na wakati ukiendelea alihamishia wimbi letu la kutuma kwenye masafa mengine yaliyokuwa matupu.

Lile pendekezo la dishi la mita 1.8 niliombwa nilitolee maoni kwa maandishi. Nilieleza kwamba dishi hilo lingeongeza desibeli 3.5 za wimbi, ila kwa fidi iliyopinda mwingiliano ungebaki 10 uleule, na akiba ambayo ingepatikana ingekuwa karibu sawa na ile ambayo dishi dogo lilikuwa nayo tangu mwanzo lingefungwa sawasawa. Wenye ghala wangelipia dishi zima, mlingoti mpya na zege ili kununua tena mali yao wenyewe.

Siku mbili baada ya kazi, manyunyu yalipita alasiri, ubora ukashuka hadi 9.9 na mawasiliano yakaendelea. Wiki iliyofuata ngurumo ya kweli ilishuka kutoka Tinderet ikauzima mtambo kwa dakika 20, nami sikupigiwa simu. Daftari la mzee linaendelea. Ukurasa wa Mei una mistari minne ya kukatika, na yote minne ameiandikia "mvua kubwa".